Gari ya kuran hapa Goma: tafuta kwanza mahali itakapolala

Ndugu uliyeuliza kama Goma kuna mahali pa kuchajia gari, juu unataka kuleta Nissan Leaf ya okazi toka Japani: mimi natembeza Leaf yenye batri ya 24 kWh (ndiyo ukubwa wa batri) hapa mjini, na nakuambia wazi, usipange maisha yako juu ya stesheni ya barabarani. Panga juu ya parsele yako.

Mji wetu si mkubwa, toka Ndosho mpaka Birere, panda Katindo, shuka Himbi, batri haiishi, kwa hiyo kazi yote iko usiku. Prizi ya kawaida, volti 220 na ampea 10, inatoa kama kilowati 2, batri ikiwa tupu kabisa inataka masaa 11 ao zaidi. Sasa uliza nyumba yako iko kwa laini gani. Mimi niko kwa kuran ya kampuni ya Virunga, ile inayotoka barage ya Matebe kule Rutshuru, kontere ni ya kulipia mbele, naona kabisa gari inakula kiasi gani. Kama kontere munachangia na wapangaji wengine, ongea na bayeri mbele ya kununua, juu hapo ndipo maneno yanaanzia.

Kitu ambacho watu hawasemi ni tere, ile waya inayoshusha kuran kwa udongo. Kile kiboksi cha kwenye kebo ya kuchajia kinapima kwanza kama tere iko ya kweli, isipokuwepo kinawasha taa na kinakataa kuchaji. Na sisi tumejenga juu ya mawe ya volkano, lava kavu haipitishi kuran vizuri, unaweza kuzika chuma na ikawa kama hujafanya kitu. Fundi wangu alichimba shimo pana, tukaleta udongo mweusi wa shamba, akachanganya makaa na chumvi, ndiyo akazika chuma, na wakati wa kiangazi tunamwagia maji. Toka hapo gari haijakataa tena. Akavuta pia waya nene ya gari peke yake toka kwa kontere, na dijonkteri yake, ile inayokata kuran ikizidi. Tafazali sana, ralonji nyembamba za soko hapana! Ni mzigo wa masaa mengi bila kupumzika, waya inapata moto, na nyumba zetu nyingi ni za mbao.

Mahoteli ya karibu na ziwa unaweza kuomba, moja ilinikubalia nilipe, ila uliza kama wako kwa grupu (jenereta), juu hapo unalipa mazutu.

Na safari ya Kigali usiihesabu, toka Gisenyi ni kama kilomita 150 na milima yote ile, Leaf ya 24 kWh yenye batri imechoka haifiki bila kuchaji njiani, na ukipata mashine ya haraka lazima iwe na mdomo wa CHAdeMO, ule wa Kijapani ambao Leaf inatumia, ule wa magari ya China haiingii.

Mbele ya kutuma dola, omba picha ya dashibodi ikiwa imewaka. Pembeni kulia kuna vipimo vidogo 12 vya afya ya batri, kikipotea kimoja tu tayari kama asilimia 15 imeenda. Muuzaji akikataa kutuma hiyo picha, achana naye.