Masizi ya Ndege: Someni Hii Kabla ya Kuniletea Rasimu

Wadogo zangu mnaoanza kupima masizi ya injini hapa Unguja, nimesoma rasimu zenu. Makosa ni yale yale ya wenzenu waliotangulia, na yananiuma kwa sababu najua mnavyojituma.

1. Msiandike "hakuna moshi, kwa hiyo hakuna masizi." Chembe hizi ni za makumi ya nanomita. Jicho halizioni, pafu linazipokea.

2. Ombeni cheti cha shehena ya mafuta. Kuandika "Jet A-1", jina la mafuta ya kawaida ya ndege, tu hakutoshi: kiwango chake kinaruhusu aromatiki (molekuli zenye pete za kaboni) hadi asilimia 25 ya ujazo, na shehena mbili halali zinaweza kutofautiana sana kwa masizi. Pete za aromatiki ndizo zinazoungana kuwa masizi, naftalini ikiwa mbaya zaidi. Someni pia kimo cha moshi, yaani urefu wa mwali ambao mafuta huweza kufikia bila kufuka: kikiwa kifupi, masizi ni mengi. Kipimo chenyewe ni taa ya utambi: unapandisha mwali mpaka ukaribie kufuka, unasoma milimita. Aliyesomea kwa kibatari haelezwi mara mbili.

3. Upepo, jamani, upepo! Binti mmoja hodari aliweka kifaa pembeni ya maegesho ya ndege pale uwanja wa Kisauni, kaskazi inavuma. Namba zikapanda vizuri, akaandika sura nzima kuhusu mafuta na injini. Tulipokaa naye kulinganisha saa, tukakuta hesabu ya chembe inapanda wakati injini bado zimevishwa vifuniko vyekundu. Alikuwa anapima jenereta ya dizeli inayoipa ndege umeme, iliyokaa upande upepo unakotoka. Alilia, nami sikuwa na la kumfariji, maana data ile haikuokoka hata mstari. Hakuwa mzembe; hakuna aliyemwambia aandike kila kinachowaka uwanjani, na saa kilipowashwa. Sasa nyinyi mmeambiwa.

4. Salfa iliyomo kwenye mafuta huzaa chembe tete, zile zinazogeuka mvuke zikipashwa moto, si masizi. Pasheni sampuli hadi nyuzi 350 za Selsiasi kabla ya kuhesabu, ili yabaki masizi tu.

5. Mnapenda kunukuu majaribio ya NASA ya 2013 na 2014, ndege zikifuata moshi wa DC-8 angani: mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa Jet A, ndugu yake Jet A-1, na HEFA, mafuta ya ndege yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au wanyama, ulipunguza idadi ya chembe kwa asilimia 50 hadi 70. Sawa, lakini hiyo ni safarini, juu. Ardhini nafuu huwa kubwa injini ikiwa katika nguvu ndogo, na hupungua ikisukumwa kwa nguvu zote. Rasimu isiyotenganisha ndege inayojikokota kwenda njia ya kurukia na ile inayopaa, nitairudisha.