Batu bangu bako wapi? Maulizo ya ba artisti na majibu

Juma hii maulizo imekuya mingi, karibu yote ya ba artisti ba hapa Lubumbashi wenye wanatafuta batu ba kununua kazi yao. Nimechagua tano.

*"Natia tablo zangu ku Facebook, napata jem (like) 200, lakini sijauzisha hata moja. Juu ya nini?" (kijana wa Katuba)*

Leki, ule mwenye anabonyeza jem yuko mu taksi, anapita. Miye mwaka moja nililipa sale ya oteli mu centre, ekspo ya siku tatu, batu bakakuya kweli, bakakunywa fanta yangu, bakapiga foto mbele ya tablo, na siku ya tatu nikarudisha tablo zote 12 ku nyumba na pusupusu. Mwenye kuninunulia ya kwanza kisha alikuwa ni mama wa jirani, muuzishaji wa unga, hata ku ekspo hakufika! Nikamupelekea mwenyewe kwake, akatosha kalendari ku ukuta, nikapiga musumari, tablo ikazidi fasi, kona moja ikaingia nyuma ya kabati. Tangu ile siku napima ukuta ya mutu mbele ya kukata kitambaa. Njo maana nakuambia, achana na hesabu ya jem, tafuta ni nani aliuliza bei, ata kama ni batu babili tu, andika namba zao, bapigie, uliza batatundika wapi.

*"Mama anasema nichore mamba muntu (nguva, nusu mwanamuke nusu samaki) juu njo inauzika, miye napenda kuchora historia ya inchi." (dada wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Mama hana makosa, na weye pia hauna. Mu miaka ya 1970 hapa kwetu tablo ilikuwa kitu ya saloni ya batumishi, mamba muntu ya kutundika juu ya kiti, ao ile ya ukoloni ya Ba Beleji na fimbo, bachoraji walitumika ku kitambaa ya mifuko ya unga, bei ndogo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye alichora kwa wale wale batumishi. Kisha mu 1973 na 1974 akapata mutu mwingine kabisa, mwalimu wa inivesite, Johannes Fabian, mwenye alikaa naye, akasikiliza na kurekodi hadisi ya nyuma ya kila tablo, na ikatoka historia nzima ya inchi, tablo 101. Kwa saloni moja tablo 101 zingekuwa wazimu, ukuta ngapi? Ilifaa mutu mwenye anataka kusikia. Basi chora mamba muntu juu ya kupata bukari (ugali), bila haya, na historia ukaiweke mbele ya batu benye kuuliza, walimu, wanafunzi, bazee bastaafu ba migodi. Na usitume tablo peke yake, historia inaomba mudomo wako, simama kando yake usimulie.

*"Ni lazima niingie mu Biennale, ile ekspo kubwa ya Lubumbashi, ndipo nijulikane?"*

Hapana. Ni nzuri sana, chama ya ba artisti yenye jina Picha ndio waliianzisha mu 2008, nenda ukaangalie, ukutane na batu, ila weye unakula kila siku na hiyo inakuya kisha miaka miwili.

*"Jirani nimuuzishie bei moja na mugeni?"*

Bei moja. Mu muji hii batu banaambiana.

*"Naandika slam, mashairi ya kusema mbele ya batu, moja ni ya mama anayelala ku soko. Kifaransa ao Kiswahili?" (kaka wa Kampemba)*

Inategemea unataka wafanye nini. Kifaransa mu sale ya Halle de l'Étoile, kwa Institut français, watakupigia makofi vizuri, watakaa kimya ukiongea, wataenda. Kiswahili chetu mu cité watakukatiza, watakujibu katikati ya mustari, mwingine ataseka fasi ulitaka alie, inauma lakini miye naipenda zaidi, juu pale pale unajua mustari gani imekufa. Slam yako ile ya mama anayelala ku soko, jaribu kipande kidogo mbele ya mama wa makala ku kona ya kwenu, asubui, wakati anapanga mafungu. Akiacha mukono juu ya makala bila kupanga, endelea na ile. Akiendelea kupanga, nunua makala, rudi nyumbani, andika tena.