Seva ya VPN ikiangushwa, uliza kwanza nani ana ufunguo

Tangazo la udhaifu wa programu likitoka, wengi hukimbilia namba ya ukali. Ikiwa kubwa wanaingiwa na kiwewe, ikiwa ndogo wanasema tutaliangalia wiki ijayo. Mimi ninayehudumia seva za VPN (njia ya siri ya mawasiliano ndani ya intaneti) za programu huria, namba hiyo huisoma mwisho. Ninachotafuta kwanza kwenye tangazo ni nani anayeweza kuiangusha seva: yeyote aliye kwenye intaneti, au ni lazima awe na ufunguo niliompa mwenyewe?

Tazama OpenVPN, programu huria ya VPN. Desemba 2014 lilitoka toleo 2.3.6 kuziba CVE-2014-8104 (CVE ni namba ya utambulisho wa kila udhaifu uliotangazwa). Mteja aliyekwisha kuthibitishwa akituma paketi (kipande cha data) fupi kupita kiasi kwenye njia ya udhibiti, yaani ile ya kupatana na seva kuhusu muunganisho, seva inajizima. Kasoro hiyo ilikuwemo kwenye matoleo ya tangu 2005. Siri za watumiaji hazikuvuja. Kilichopotea ni huduma tu. Kwa ofisi inayomjua kila aliye na cheti (kitambulisho cha kidijitali cha kuingilia), hilo ni la kusasisha kesho asubuhi. Kwa anayeuza VPN kwa yeyote anayelipa, mteja na mshambuliaji wanaingia kwa mlango mmoja, na huyo usiku huo hapati usingizi.

Sasa linganisha na CVE-2017-7478 ya Mei 2017, iliyozibwa kwenye 2.4.2 na 2.3.15. Hii haikuhitaji cheti wala nywila. Paketi ya udhibiti yenye mzigo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa ilitosha kuua seva. Waliokuwa wamewasha tls-auth au tls-crypt, mipangilio inayoongeza ufunguo wa ziada juu ya njia ya udhibiti, walikuwa na nafuu, kwa sababu paketi isiyo na sahihi ya ufunguo ule hutupwa kabla programu haijaanza kuichambua. Ndiyo maana seva isiyo na mojawapo ya hizo mbili mimi huiona haijamaliza kusanidiwa, hata kama inafanya kazi vizuri.

Kasoro nyingi za namna hii zina asili moja. Waandishi wa programu huweka ukaguzi ndani ya msimbo: hali isiyowezekana ikitokea, programu ijiue papo hapo. Kwa usalama wa siri huo ni uamuzi mzuri, na sioni sababu ya kuwalaumu. Tatizo ni kwamba mchakato mmoja unahudumia watu wote. Paketi moja mbaya ya mtu mmoja inawakata wote.

Kinga nayo ni msimbo, usisahau. Ufunguo wa tls-crypt ni mmoja kwa watumiaji wote, kwa hiyo anayeondoka na kompyuta yake anaondoka nao. Dawa yake ni tls-crypt-v2, ambapo kila mteja ana ufunguo wake. Naipenda na ninaitumia. Lakini Aprili 2025 ikatangazwa CVE-2025-2704, ambapo seva za 2.6.1 hadi 2.6.13 zilizowasha tls-crypt-v2 hiyohiyo zingeweza kuangushwa, mpaka lilipokuja 2.6.14. Sikuizima, nilisasisha nikaendelea.

Kusasisha kwenyewe kuna mitego. Mifumo endeshi kama Debian mara nyingi huchukua kiraka na kukipachika kwenye toleo la zamani, hivyo namba ya toleo haikwambii kama umepona. Soma kumbukumbu za mabadiliko za kifurushi, utafute namba ya CVE yenyewe. Kisha hakikisha mchakato umeanzishwa upya. Faili mpya ikikaa kwenye diski huku mchakato wa zamani unaendelea kukimbia kwenye kumbukumbu, bado hujafanya kitu. Ni hivyohivyo kwa OpenSSL, maktaba ya usimbaji ambayo OpenVPN huitumia. Chagua saa yenye watu wachache, maana ukizima na kuwasha wote watarudi kwa mpigo. Toleo la 2.6 lina mpangilio wa connect-freq-initial, ambao kwa chaguo-msingi huruhusu maombi mapya 100 kwa kila sekunde 10. Mimi huuacha hapo mpaka nione sababu ya kuugusa.

Halafu kuna systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux. Huduma ikifa inainuliwa yenyewe baada ya sekunde chache, na watumiaji wanalalamika tu kwamba "mtandao unakatika-katika". Seva inaweza kuangushwa kutwa na usijue. Ukisikia malalamiko hayo, fungua logi utafute maneno "Assertion failed". Ukiyapata, panda mistari michache juu uangalie jina la cheti kilichomaliza kuunganishwa kabla ya kila kifo. Kwenye seva moja niliyoitwa kuitazama, jina lilikuwa lilelile kila mara, na mwenye cheti hicho alikuwa ameshaondoka kazini. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama alikuwa yeye au kompyuta yake ilikuwa imeingia mikononi mwa mtu mwingine, halikuwa swali la kwanza kujibu. La kwanza lilikuwa kukibatilisha.

Kubatilisha nako kuna mawili ya kuangalia. Mtu aliyekwisha unganishwa hakatwi mara moja kwa sababu jina lake limeingia kwenye orodha ya waliobatilishwa. Seva humkagua tena mafunguo yanapobadilishwa, na kwa kawaida hiyo ni kila baada ya sekunde 3600. Mkate mwenyewe. La pili ni kwamba orodha hiyo ina tarehe ya kuisha, na ukiitengeneza kwa easy-rsa (zana ya kutengeneza vyeti) bila kubadilisha mipangilio itadumu siku 180. Ikiisha, seva inawakataa wateja wote, wabaya kwa wema. Hapo umejinyima huduma mwenyewe bila msaada wa mdukuzi.

Wale wanaosema "ni huduma tu imekatika, hakuna kilichoibwa" wasiridhike haraka. VPN ikifa, kompyuta ya mtumiaji isiyo na kizuizi cha mawasiliano nje ya VPN inaweza kupitisha mawasiliano yake kwenye njia ya kawaida bila yeye kujua. Anayetaka kumchungulia mtu anaweza kuanza kwa kuangusha seva. Kwa hiyo jaribu: zima seva makusudi, uone kompyuta ya mteja inafanya nini. Na usiweke njia yako pekee ya kuingilia seva ndani ya VPN hiyohiyo. Seva ya pili ni vizuri kuwa nayo, ila ikiwa na toleo lilelile na mipangilio ileile, paketi iliyoua ya kwanza itaiua na hiyo.

Ukihisi umekuta kasoro ambayo haijatangazwa, usiibandike hadharani kuomba msaada. Miradi hii huwa na anwani ya faragha ya masuala ya usalama. Watumie namba kamili ya toleo, mipangilio yako baada ya kuondoa mafunguo, mistari ya logi kabla ya kifo, na paketi zenyewe kama ulizinasa. Eleza pia kama aliyezituma alikuwa ameshathibitishwa, maana na wao watataka kujua hilo mapema.