Embakasi moja haipo tena

Ndugu, ukiuliza mbunge wa Embakasi, Nairobi, ni nani, utaulizwa nawe: Embakasi gani? Eneo bunge lile la zamani lilikatwa vipande vitano, na uchaguzi wa 2013 ukapigwa kwa mipaka mipya: Mashariki, Magharibi, Kati, Kaskazini na Kusini. Wa Dandora yuko Kaskazini, wa Kayole Kati, wa Pipeline Kusini.

Kabla ya kukatwa, David Mwenje alichaguliwa 2002 kwa chama cha NARC. Desemba 2007 akaingia Mugabe Were wa chama cha ODM, akapigwa risasi akafa langoni pake 29 Januari 2008, hata mwezi haujakwisha vizuri bungeni. Uchaguzi mdogo wa Juni ukampa kiti Ferdinand Waititu wa chama cha PNU, mbunge wa mwisho wa Embakasi ile moja. Mbunge wa Umoja sasa (Embakasi Magharibi) ni mtoto wa Mwenje, Mark, tangu 2022.