Barua kwa mwanangu: nyota ikifa inakuwa nini

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku Malindi tu wazima, alhamdulillahi, na babako anakusalimu.

Swali lako nimelipata: nyota ikifa inakuwa nini, na je, jua letu nalo litageuka shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka? Katika miaka yote niliyofundisha fizikia, hakuna somo nililolipenda kama hili, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Nianze na hilo la jua. La, haliwezi kuwa shimo jeusi. Ni jepesi mno. Mwisho wa nyota huamuliwa na uzito iliozaliwa nao. Maisha yake yote uzito huo unaivuta ijifinye kwa ndani, na joto la katikati, linalotokana na haidrojeni kuungana ikawa heliamu, linaisukuma nje. Haidrojeni ikiisha, uzito unaanza kushinda. Kinachotofautiana kati ya nyota na nyota ni ushindi huo unafika wapi.

Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5. Mwishoni litavimba na kuwa jekundu, limeze Utaridi na Zuhura, na huenda Dunia pia. Bahari yetu haitakuwepo kuyaona hayo. Itakuwa imekauka zamani, maana hata sasa jua linazidi kung'aa kidogo kidogo. Kisha matabaka ya nje yatapeperuka, na katikati kitasalia kitu chenye karibu nusu ya uzito wa jua la leo, kimebanwa kikawa na ukubwa kama wa Dunia. Kinaitwa kibete cheupe. Hakichomi chochote tena. Ni kama kaa la moto lililotolewa jikoni: linang'aa kwa joto lililobaki nalo tu, huku likipoa. Kimoja kiko jirani. Shira, nyota inayotajwa katika Surat An-Najm, ina mwenzake wa aina hiyo, na Alvan Graham Clark alimwona kwa darubini huko Marekani mwaka 1862.

Sasa, kibete cheupe kinaweza kuwa kizito kiasi gani? Aliyelijibu hili alikuwa kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar. Mwaka 1930 alipanda meli Bombay kwenda kusoma Cambridge, na humo humo melini akapiga hesabu zilizomwonyesha kuwa kuna mpaka. Leo tunajua uko kwenye uzito wa jua mara 1.4 hivi. Ukivukwa, kibete hakiwezi kujihimili, kitaporomoka. Mwaka 1935 alipoieleza kazi hiyo London mbele ya wanaastronomia, Arthur Eddington, mwenye sauti kubwa kuliko wote wakati ule, alisimama baada yake akaikejeli, akisema lazima iwepo sheria ya maumbile ya kuizuia nyota isifanye upuuzi kama huo. Hesabu za kijana zilikuwa sahihi. Nobeli aliipata mwaka 1983, akiwa na miaka 73. Mimi nikiifikiria miaka hiyo yote naona uchungu, maana kuna mambo mengi tungeyatafuta mapema zaidi kama wakubwa wangemsikiliza.

Nyota iliyozaliwa na uzito wa jua mara 8 au zaidi haiishii kwenye kibete. Inachoma heliamu, kaboni, oksijeni, mpaka katikati kunajaa chuma, na chuma kikiungana hakitoi nguvu ya kuihimili nyota. Kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na sehemu za nje zinalipuka. Hiyo ndiyo supanova. Wachina waliandika habari za moja mwaka 1054. Ilionekana mchana kwa siku 23. Pale ilipolipuka pamebaki wingu la gesi, na ndani yake nyota ya nyutroni inayojizungusha mara 30 kwa sekunde. Nyota ya nyutroni ina uzito unaozidi wa jua katika upana wa kilomita 20 hivi, karibu sawa na kutoka hapa hadi Watamu. Na kiini kikiwa kizito zaidi ya hapo, hakuna kinachojulikana cha kukizuia. Huko ndiko yanakotokea mashimo meusi.

Hapa ndipo habari inapofika kwetu, na nataka uijue vizuri. Yale majukwaa ya San Marco unayoyajua, baharini Ngomeni: tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliondoka pale ikiwa na setilaiti ya Marekani. Ilikuwa sikukuu, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru, ndiyo maana setilaiti ikaitwa Uhuru. Aliyelipendekeza jina hilo ni Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huko NASA, kwa kuwaenzi wenyeji wao. Walitaka pwani yetu kwa sababu iko karibu na ikweta: mzunguko wa Dunia unaipa roketi msukumo wa bure, na setilaiti ikipita juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani peke yake, mionzi ya aina ile ile ya kupigia picha mifupa hospitalini. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo chini hapa hatuzipati. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kinatoa pigo la eksirei kila sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya jirani yake. Kingine ni Cygnus X-1. Eksirei zake zilipanda na kushuka ovyo, ndani ya muda mfupi kuliko sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wanaastronomia wakaelekeza darubini huko, wakakuta nyota kubwa ya buluu ikizungukana kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Uzito wa kitu hicho ulikuwa mkubwa kuliko nyota ya nyutroni inavyoweza kubeba. Leo unakadiriwa kuwa mara 21 ya jua. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi kwa upana. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Nimefundisha watoto wa Ngomeni ambao baba zao huvua karibu na majukwaa yale, na hawajawahi kuambiwa neno hata moja la habari hii. Inaniuma sana. Wanaokujia huko Nairobi kutoka kwetu, waambie.

Wewe mwenyewe ukitaka kuiona nyota iliyokaribia mwisho wake, tafuta Ibuti la Jauza (Betelgeuse), ile nyekundu begani mwa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Uzito wake unapita wa jua mara 10, kwa hiyo italipuka. Ilipofifia mwishoni mwa 2019 wengi walidhani saa imefika, kumbe ni vumbi lililotoka kwake yenyewe. Huenda ikachukua miaka 100,000 bado. Itazame jioni, kuanzia Januari hadi Machi. Taa za Nairobi ni nyingi, lakini hiyo haishindwi nazo.

Mamako