Mchoro wa Opsheni Unaotabasamu

SWALI: Mhariri, kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973 ya kukokotoa bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) hudhani kwamba mtikisiko wa bei ya hisa, yaani ukubwa wa kupanda na kushuka kwake, ni mmoja tu. Mbona nikiukokotoa kutokana na bei za opsheni sokoni, kila bei ya utekelezaji (hiyo iliyopangwa) hunipa kiwango chake?

JIBU: Hujakosea hesabu, dhana ndiyo yenye kasoro. Tangu anguko la Oktoba 1987, kinga dhidi ya maporomoko ya fahirisi za hisa, yaani opsheni za kuuza kwa bei za chini, hulipiwa zaidi, hivyo mchoro wa mtikisiko kwa kila bei ya utekelezaji huinuka upande wa bei za chini (tabasamu la upande mmoja, kusema kweli). Modeli ya Heston ya mwaka 1993 huuacha mtikisiko wenyewe ubadilike kinasibu, na uhusiano hasi kati yake na bei ndio unaoupinda mchoro. Ila kwa opsheni zilizobakiza siku chache kuisha muda, mpindo huo wa modeli huwa hafifu mno kuliko ule wa sokoni, na hapo afadhali kuongeza miruko ya ghafla ya bei.