Uliza Kocha: Jasho natoka, mbona mwili hauji?

*Kocha, shikamoo. Nina miaka 27, kilo 63, nauza spea za pikipiki Kariakoo. Nikifunga duka napitia jimu moja hapa Mwananyamala, napiga vyuma saa mbili nzima, siku sita kwa wiki. Nikitoka, fulana unaweza kuikamua. Mwaka wa pili huu, mwili ni uleule. Jamaa ninayepanga naye chumba anakwenda mara tatu tu kwa wiki, saa moja haiishi keshaondoka, na sasa mashati yameanza kumbana. Tunakula sufuria moja. Au mimi sikuumbiwa?*
*Msomaji, Mwananyamala*

Marahaba, mdogo wangu. Habari ya kuumbiwa tuiweke kando kwanza. Ni kweli miili hailingani, lakini wengi wanaikimbilia sababu hiyo kabla hawajakagua kazi yenyewe.

Jasho la Dar halipimi chochote. Mwezi wa pili hapa mtu analowa akiwa amekaa kwenye daladala. Ni mwili unajipooza tu. Na hizo saa mbili ningependa kujua zina nini ndani, maana vijana wa jimu zetu nawafahamu: benchi mara kumi, simu dakika tano, benchi mara kumi, Simba na Yanga, benchi mara kumi, selfi. Na ile kumi inaisha kwa sababu hesabu imefika kumi, siyo kwa sababu mkono umekataa. Sijakuona ukifanya, ila naweka dau tatizo lako ni hilo.

Kesho fanya hivi. Chukua chuma unachokipiga mara kumi siku zote, muombe mtu asimame nyuma ya kichwa chako akupe tafu, kisha sukuma mpaka kigome. Yeye ndiye ahesabu, kimoyomoyo. Ukifika kumi na nane, basi muda wote huo umekuwa ukiondoka kabla shughuli haijaanza.

Sababu iko kwenye neva. Katika miaka ya 1950 na 1960, mtafiti wa Marekani Elwood Henneman alionyesha kwa majaribio ya paka kwamba neva haziamshi msuli wote kwa mkupuo. Vinaanza kuitwa vikundi vidogo vya nyuzi, vile visivyochoka upesi. Vikubwa, ambavyo ndivyo vyenye nafasi kubwa ya kunenepa, vinaitwa pale mzigo unapokuwa mzito, au pale vidogo vinapoelemewa. Mwili ni bahili, hautumi wakubwa kazi ya watoto. Wewe ukiweka chini kwenye kumi huku uwezo wako ni kumi na nane, hao wakubwa wametoka nyumbani kuchungulia tu.

Mimi nikisimama pembeni ya benchi siangalii uso. Uso unadanganya, kuna watu wanakunja sura tangu mara ya pili. Naangalia chuma. Mara ya kwanza mpaka ya saba kinapanda mwendo mmoja. Ya nane kinasita kidogo katikati ya safari. Ya tisa mkono mmoja unatangulia mwenzake, unakaza kwa nguvu zako zote na bado kasi haiongezeki. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiona imebaki moja au mbili za halali, rudisha chuma kwenye stendi, seti hiyo, yaani mzunguko huo mmoja wa kusukuma, imehesabika.

Kugota kabisa, yaani kusukuma mpaka chuma kigome, kila seti sikushauri, hasa kwenye benchi na skwati. Uchovu unazidi faida, seti zinazofuata zinaharibika, na ukiwa peke yako chuma kinaweza kukukalia kifuani. Mazoezi madogo ya dambeli, sawa, seti ya mwisho gota ukitaka.

Najua jimuni watakutajia Dorian Yates, yule Mwingereza aliyetwaa Mr. Olympia, shindano kubwa la kutunisha misuli, mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997, kwa seti chache za kufa na kupona. Ni kweli. Ila seti hizo zilitanguliwa na nyingine za kupasha misuli moto, na mazoezi yake alikuwa akiyaandika. Wewe daftari lako liko wapi? Dukani unaandika mpaka nati moja iliyotoka kwa mkopo, jimuni huandiki kitu.

Kwa hiyo punguza siku ziwe tatu au nne. Kila kundi la misuli lipe seti kumi hivi kwa wiki, uzigawe siku mbili. Katikati ya seti nzito pumzika dakika mbili au tatu, simu ikiwa kwenye begi. Ukifikisha mara 12 kwa kilo 40, safari ijayo ongeza kilo mbili na nusu, uandike. Upande wa chakula, kilo zako 63 zinataka protini gramu 100 hivi kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake utayachoka. Weka maharage, dagaa, samaki. Na hiyo sufuria moja, hebu mwangalie vizuri jamaa yako anavyopakua.

*Kocha, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni. Hela ya jimu sina. Nyumbani nina madumu ya maji, la lita 5 na la lita 10. Mume wangu anasema vitu vyepesi haviongezi msuli. Kweli?*
*Mama Wawili*

Dada yangu, mwambie shemeji vinaongeza, sharti uvipige mpaka vigeuke vizito. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio la wiki 10 walilowafanyia vijana, zoezi la kunyoosha goti. Miguu iliyopewa asilimia 30 tu ya uzito wa juu kabisa unaoinulika mara moja ilinenepa karibu sawa na iliyopewa asilimia 80, kwa kuwa yote ilifanya mpaka kugota. Walionyanyua kizito walizidi kwenye kitu kimoja, nguvu ya kuinua mzigo mkubwa kwa mara moja.

Ubaya wa chepesi ni kwamba kinachoma. Dumu la lita 5 ni kilo 5. Weka mkono mmoja kwenye kochi, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu mpaka ubavuni, shusha polepole. Kufika mara ya 25 utatamani kuliachia, na ndiyo kwanza zile zenye maana zinaanza. Ukiona unapita 30 bila shida, hamia la lita 10. Mfuniko ukaze, usije ukapiga deki bila kupanga.

*Kocha, nisipoumwa misuli kesho yake, nimefanya bure?*
*Msomaji, Mbagala*

Hapana. Maumivu mara nyingi ni ugeni wa zoezi. Mtu aliyeacha miezi akarudi na skwati siku moja anashindwa hata kuchuchumaa chooni, na msuli bado hajajenga. Kama daftari linaonyesha kilo au hesabu inapanda, unaendelea vizuri.

Lakini maumivu yakiwa makali kupita kawaida, msuli umevimba, na mkojo umekuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli iliyoharibika namna hiyo inaweza kuziumiza figo. Hilo usiniandikie kwanza. Gazeti linachelewa.